Usipande mparachichi kabla ya kuujua udongo wako

KILA msimu wa mvua unapokaribia, kando za barabara zetu hujaa wauzaji wa miche. Huenda nawe, msomaji, umewahi kusimama hapo ukachagua mche wa parachichi, au avokado kama wengi wetu tunavyoliita tunda hilo, kwa kutazama majani tu. Ukaupeleka nyumbani, ukachimba shimo pale palipokuwa na nafasi, ukatia mbolea na maji. Mwaka wa kwanza mche ukanawiri. Mwaka wa pili ukakuzidi kimo. Kisha zikanyesha mvua kubwa za masika, na baada ya hapo mti ukaanza kudhoofika bila sababu unayoiona kwa macho. Majani yakawa madogo na ya kimanjano, matawi ya juu yakakauka, na kabla hujaonja hata tunda moja ukawa unapasua kuni.

Mwenye mti wa namna hiyo hudhani umepatwa na kiu, akaumwagia maji zaidi. Hapo ndipo anapoumaliza. Mparachichi huuliwa na maji yaliyotuama mara nyingi kuliko unavyouliwa na ukame, na kifo chake huanzia chini, kwenye mizizi, miezi kadhaa kabla ya majani kukuonyesha lolote.

Pengine utauliza ukurasa wa afya una haja gani na mambo ya miti. Haja ipo. Gramu 100 za parachichi, yaani takribani nusu ya tunda kubwa, huwa na mafuta kama gramu 15, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina isiyodhuru mishipa ya moyo. Zina nyuzinyuzi karibu gramu 7, ambazo humsaidia mtu anayesumbuliwa na tumbo kufunga choo. Zina potasiamu nyingi kuliko ndizi mbivu ya uzito huo huo, na pia folati, ambayo mama mjamzito huihitaji. Isitoshe, viini vinavyogeuka kuwa vitamini A mwilini, vilivyomo katika sukuma wiki, karoti na mboga zetu za kienyeji, havifyonzwi vizuri bila mafuta. Kipande cha parachichi juu ya sahani ya mboga hufanya kazi hiyo.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6 na anayeanza kula, ni vigumu kupata chakula chepesi kuliko hiki. Hakihitaji kupikwa wala sukari. Ni kuponda kwa uma safi tu. Mzee asiye na meno naye hufaidika vivyo hivyo. Wa kujihadhari ni mgonjwa wa figo aliyeambiwa na daktari apunguze potasiamu. Huyo asile kabla ya kumwuliza daktari wake. Lakini kwa familia nyingi, mti mmoja ulio hai nyuma ya nyumba ni akiba ya chakula chenye nguvu kwa miaka mingi, na kuupoteza kwa sababu ya shimo baya ni hasara isiyostahili.

Mti huu una asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Mizizi yake ya kulisha haiendi chini sana. Mingi hukaa katika sentimita 20 za juu za ardhi. Tena haina vile vinyweleo vingi ambavyo mizizi ya mimea mingine huvitumia kunyonyea maji. Kwa hiyo hutaka udongo mwepesi wenye hewa, unaopitisha maji na bado kubaki na unyevu kidogo, na wenye uchachu wa kadiri, kipimo cha pH kikiwa kati ya 5.5 na 6.5 hivi. Udongo mwekundu wa volkeno wa Murang'a, Kiambu, Kisii na sehemu za Meru una sifa hizo, na si bahati kwamba ndiko mti huu unakostawi. Ule mweusi wa Athi River, Kitengela na sehemu kubwa ya Embakasi, unaonata kwenye viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, ni kinyume chake kabisa.

Jaribu kwa maji

Huna haja ya maabara ili kuanza. Chimba shimo la kina cha sentimita 60 pale unapotaka kupanda. Lijaze maji, uyaache yazame yote, kisha lijaze tena. Mara hii ya pili ndiyo ya kupima. Maji yakizama katika muda wa saa chache, ardhi yako inafaa. Ukiamka kesho yake asubuhi ukute bado yametuama humo, usipande mparachichi mahali hapo, hata jirani akikuambia nini.

Unaweza pia kuchukua konzi ya udongo, uuloweshe kidogo na kuufinyanga. Ukikatika katika hata kabla hujamaliza kuubana, una mchanga mwingi na utahitaji mboji nyingi. Ukiweza kuuvuta kati ya kidole gumba na cha shahada ukawa utepe mrefu unaong'aa, huo ni wa mfinyanzi. Unaoutaka ni ule ulio katikati, unaoshikana ukiubana na kuvunjika ukiugusa.

Sasa nisikilize vizuri, wewe unayeishi kwenye udongo mweusi. Kuna shauri linalotolewa sana, kwamba uchimbe shimo kubwa, utupe udongo mbaya, na ulijaze udongo mwekundu ulionunuliwa kwa lori pamoja na samadi. Shauri hilo ni zuri kwa ardhi inayopitisha maji. Katika ardhi ya mfinyanzi, umetengeneza ndoo. Maji ya mvua yataingia kwa urahisi kwenye udongo mpya na kushindwa kutoka kwa kuwa kuta na sakafu ya shimo haziyaruhusu, nao mti utasimama ndani ya ndoo hiyo miguu ikiwa majini.

Tumia udongo huo huo ulionunua, lakini ujenge tuta juu ya ardhi: kimo cha nusu mita au zaidi kidogo, upana wa mita moja na nusu au mbili, kisha upande mche juu yake. Ni kazi, na mvua italishusha tuta kidogo kila mwaka, nawe itakubidi uliongeze. Lakini mizizi itapumua.

Shimo la choo cha zamani

Wako wanaopanda miti ya matunda juu ya choo cha shimo kilichojaa, wakijua kwamba hapo pana rutuba. Fikira hiyo si ya kipuuzi. Nchini Zimbabwe, Peter Morgan alibuni choo cha shimo fupi, cha kina cha kama mita moja, ambacho hutiwa udongo na majivu kila kinapotumiwa, na kikijaa hufunikwa kwa udongo mzuri na kupandwa mti. Hicho kilitengenezwa kwa kusudi hilo. Choo chetu cha kawaida ni kirefu, kimejaa majimaji, na ardhi yake hudidimia mwaka hadi mwaka. Mparachichi hautakaa hapo salama.

Hatari kubwa zaidi ni kwako wewe unayechimba. Mayai ya minyoo huweza kukaa hai katika kinyesi kwa muda mrefu. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2006 ulitaka kinyesi kikae zaidi ya mwaka mmoja katika maeneo ya joto, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili kwenye baridi, kabla ya kutumiwa shambani. Usifukue choo cha zamani ili kupata mbolea kwa kubahatisha tu.

Samadi ya ng'ombe au mbuzi nayo iwe imeoza kabisa. Mbichi huunguza mizizi michanga na huleta vijidudu vya kuharisha hadi mikononi mwako, na kutoka hapo hadi kwenye chakula cha mtoto. Iliyoiva haina joto, hainuki, na huwezi tena kutambua ilikuwa kinyesi cha mnyama gani. Debe moja au mawili yanatosha kwa shimo la sentimita 60 kila upande, ukiichanganya na udongo wa juu ulioutenga ulipokuwa ukichimba. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya miguu iliyo wazi ikikanyaga udongo uliochafuliwa na kinyesi cha watu.

Kuna jambo moja ambalo wakulima wengi hulipuuza. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na katika samadi. Watu husema ugonjwa huo huletwa na kutu ya msumari, lakini kutu haina kosa. Ni uchafu unaoingia ndani pamoja na msumari, mwiba au ncha ya jembe. Watoto wetu hupewa chanjo yake wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hiyo hupungua na wakati, na mtu mzima huhitaji kuiongeza kila baada ya miaka 10 hivi. Je, wewe unakumbuka ulichanjwa lini mara ya mwisho? Ukijikata ukichimba, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, usilipake udongo wala samadi kwa imani kwamba damu itakatika, na uende kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuchagua mche na kuulea

Nunua mche uliobebeshwa, yaani ule ambao kikonyo cha mti mzazi unaojulikana kimeunganishwa na shina la mche uliotokana na mbegu. Huo huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, ilhali mti wa mbegu tupu unaweza kukuweka zaidi ya miaka 6, tena usijue utazaa tunda gani. Aina zinazopandwa sana kwetu ni Hass na Fuerte. Nenda kwenye kitalu kilichosajiliwa, kwa kuwa ugonjwa wa kuoza mizizi, unaoletwa na kimelea kinachoitwa faitofthora, huja nyumbani ndani ya udongo wa kile kikaratasi cha mche. Chungulia mizizi: myeupe ni mizuri, myeusi inayokatika ovyo uiache hapo hapo. Unapopanda, kiungo kibaki juu ya udongo.

Kuhusu maji, kidole chako ni mwalimu bora kuliko ratiba. Kichomeke ardhini, kikitoka na unyevu, ngoja. Wakati wa kiangazi mche mchanga huenda ukahitaji debe moja mara mbili kwa wiki, na wakati wa mvua usihitaji chochote. Maji yaliyofuliwa nguo kwa sabuni ya unga usiyamwage hapo, wala maji ya chumvi ya visima vya kuchimbwa kwa mashine ikiwa una mengine. Mparachichi hauvumilii chumvi hata kidogo, na dalili yake ni ncha za majani kuungua na kuwa rangi ya kahawia.

Tandaza majani makavu au nyasi kuzunguka mti kwa unene wa sentimita 10 hadi 15, ukiacha nafasi kidogo ili yasiguse shina. Matandazo hutunza unyevu, hulisha udongo yakioza, na hukuepusha na kulima karibu na shina. Nasisitiza hilo la mwisho, kwa maana jembe linalopalilia chini ya mparachichi hukata ile mizizi ya juu ambayo ndiyo kinywa cha mti. Magugu yang'oe kwa mkono. Na kama jirani ana mti unaokauka kuanzia juu, usiazime jembe lake kabla ya kuliosha tope lote.

Pogoa mti ubaki na kimo cha mita 4 au 5 tu. Tunda hili haliivi likiwa mtini. Huivia ndani ya nyumba baada ya kuchumwa, hivyo hakuna sababu ya mtoto kupanda kileleni kutafuta lililo laini na kuanguka akavunjika mkono au uti wa mgongo. Tumia mti mrefu wenye mfuko mwishoni. Kabla ya kuchuma mengi, chuma moja uliweke kwa siku 7 hadi 10. Likilainika vizuri, mengine yako tayari. Likinyauka na kuwa kama mpira, yape wiki kadhaa zaidi. Lioshe kabla ya kulipasua, maana kisu hubeba uchafu wa ganda hadi kwenye nyama ya tunda.

Matawi na majani uliyopogoa usimtupie mbuzi wala sungura, na kuku wasidonoe majani, maganda au kokwa. Vina sumu inayodhuru moyo wa wanyama hao, na mbuzi anayenyonyesha akila majani hayo kiwele chake huvimba na maziwa hupungua. Yakatekate uyarudishe chini ya mti yawe matandazo, mahali ambapo mbuzi hafiki.