Shule zikifungwa, mwalimu asome nini?

Desemba ikiingia, mwalimu wa Tanzania huwa na mambo mengi yanayomsubiri, na kitabu huja mwisho kabisa. Mvua za kupandia zimeanza Mbeya, Njombe na Songea, na shamba halimngoji mtu. Kuna harusi ya mdogo wake, kuna msiba wa Oktoba ambao hakuuwahi, kuna wazazi kijijini ambao hawajamtia machoni tangu mwaka juzi, maana nauli ya likizo ya mtumishi wa umma hutolewa kila baada ya miaka miwili. Ukimwambia mtu wa namna hii kwamba likizo ni wakati mzuri wa kujiendeleza kitaaluma, atakuona hujui maisha.

Hata hivyo nalisema. Muhula ukishaanza, hakuna anayefikiri. Kuna vipindi mfululizo, madaftari ya kusahihisha, maandalio ya somo ya kukaguliwa, zamu, vikao, wazazi mlangoni. Mwalimu akigundua Machi kwamba anaifundisha mada fulani vibaya, hana nafasi ya kurudi nyuma, kwa sababu azimio la kazi linamsukuma mbele. Likizo ndiyo nafasi pekee ya kuitazama kazi yake bila kengele kumkatiza. Ninachopigania ni kwamba atakachosoma kiwe kidogo, akichague mwenyewe, na akitumie darasani shule zikifunguliwa.

Kwa majirani zetu, likizo na masomo ni desturi ya miaka mingi. Kenya, shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, walimu hufurika katika vyuo vikuu, Kenyatta kikiwa kimojawapo, kusomea diploma na shahada huku wakibaki kwenye ajira. Uganda, Sera ya Kitaifa ya Walimu ya 2019 iliifanya shahada kuwa sifa ya chini ya kufundisha, na mwalimu aliyeanza kazi na cheti akajikuta lazima arudi darasani. Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewabeba watumishi wengi ambao wasingeweza kuacha mshahara ili wakasome. Nawaheshimu waliopita njia hiyo. Mtu anayesoma usiku baada ya kutoka shamba, ada yake ikiwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara, amelipa gharama isiyoonekana kwenye cheti.

Lakini cheti na kipindi ni mambo mawili. Cheti humpandisha mwalimu daraja, nacho ni haki yake. Kipindi cha Jumatatu asubuhi, chenye wanafunzi 90 wasioelewa sehemu, kinahitaji dawa nyingine, na dawa hiyo mara nyingi haiuzwi chuoni.

Kenya ilijaribu kuitafuta. Mwaka 1998, kwa kushirikiana na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA), ilianzisha mradi wa SMASSE kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, kwanza katika wilaya chache, baadaye nchi nzima, na kituo chake cha CEMASTEA kikawekwa Karen, Nairobi. Semina za wilayani zilifanyika wakati wa likizo. Msingi wake ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kutenda: mwanafunzi afanye kwa mikono yake, mwalimu afarague zana pale vifaa vinapokosekana, kisha apange somo, alifundishe, aone lilikokwama, alirekebishe. Walimu wengi walinung'unika kwamba wanapokonywa likizo bila posho. Manung'uniko yale yalikuwa ya haki, na nitayarudia. Ila wazo la kufaragua ni zuri mno kuachwa lizikwe na ugomvi wa posho, na linaweza kufanyiwa kazi jikoni bila semina yoyote.

Chukua mada ya asidi na besi. Shule nyingi karatasi za litimasi zimekwisha, au zipo zimelowa unyevu kabatini, kwa hiyo mwalimu huchora jedwali ubaoni na wanafunzi hukariri rangi ambazo hawajawahi kuziona zikibadilika. Sasa nunua rosela kavu sokoni, ile ambayo wengine huiita choya. Chemsha kiganja kimoja kwa vikombe viwili vya maji, acha ipoe, chuja. Gawanya katika glasi nne. Moja iache kama ilivyo. Ya pili kamulia limau, na wekundu utakolea. Ya tatu tia maji ya magadi, nayo itageuka kijani mbele ya macho yako. Ya nne tia maji ya majivu ya kuni yaliyochujwa, uone yanavyofanana na magadi.

Nimelifanya hili jikoni, na somo kubwa nililopata halimo kitabuni. Rosela ikiwa nzito kama ile ya kunywa, rangi zote huwa giza na mwanafunzi aliyekaa nyuma haoni kitu. Lazima izimuliwe mpaka ibaki na rangi ya waridi. Ukiiweka siku chache huchacha, basi kinachopaswa kukaa kabatini ni maua makavu. Na ukichukua ile glasi ya magadi iliyogeuka kijani ukaikamulia limau taratibu, povu hupanda, kisha wekundu hurudi. Povu lile ni gesi ya kabonidayoksaidi, kwa kuwa magadi ni kabonati na limau ni asidi. Hapo mada inayofuata imekwishajifungulia mlango yenyewe, na mwalimu ana vipindi viwili mkononi. Makosa ya rosela nzito ameyamaliza Desemba peke yake, hatayafanya Februari mbele ya darasa. Gharama yake ni chini ya nauli ya kwenda mjini kwenye semina.

Kuna hazina nyingine ambayo inanisikitisha kuona haifunguliwi. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na kuziweka kwenye tovuti yake bila malipo. Humo kila swali limechambuliwa: waliofanya vizuri, waliofanya wastani, walioanguka, na sababu zake. Mada zimepewa rangi, kijani, njano na nyekundu, na kuna sampuli za majibu ya watahiniwa kwa mwandiko wao wenyewe. Mwalimu achague mada moja tu, ile inayomtesa, asome taarifa za miaka mitatu mfululizo kuhusu mada hiyo, kisha aweke pembeni yake daftari za wanafunzi wake. Atajua wanajikwaa wapi kabla hawajajikwaa. Sijui semina ya siku tano inayoweza kumpa mwalimu kitu hicho.

Kwa walimu wa msingi hitaji ni la haraka zaidi. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024, na Kiingereza sasa kinaanza darasa la kwanza. Wapo walimu hodari wa kusoma na kuandika ambao hawajazungumza Kiingereza tangu watoke chuoni. Mwalimu huyo hana haja ya kozi ndefu. Apakue kitabu cha darasa lake kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, akisome kwa sauti, ajirekodi kwa simu, asikilize, arudie. Mtoto wa miaka sita hushika matamshi ya mwalimu wake wa kwanza na kukua nayo.

Sasa nirudi kwenye manung'uniko. Mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu ya Kenya ilianzisha mafunzo ya lazima yenye moduli sita, kila moja ya miaka mitano, mwalimu akitakiwa kulipa shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Walimu walipinga vikali, nami nipo upande wao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inakataza masomo ya ziada kwa watoto wakati wa likizo, kwa kutambua kwamba mtoto anahitaji kupumzika. Mwalimu naye ana mwili. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na siku hizo ni zake. Mwajiri anayezitaka kwa semina azilipie, nauli na chakula, tena mapema. Mpango wetu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) umekaa vizuri zaidi kwa hili, kwani jumuiya za ujifunzaji hukutana shuleni walimu wakiwa kazini, na ningependa ubaki hivyo.

Kwa hiyo mwalimu alale kwanza. Apande mahindi yake, akawaone wazee, akae siku nyingi bila kugusa chaki. Baada ya hapo, asubuhi mbili tatu kwa wiki kwa ajili ya ile mada moja zinatosha kabisa.

Serikali na halmashauri nazo zina sehemu yao. Vituo vya walimu vimejengwa ili mwalimu apate mahali pa kusomea na wenzake, lakini kituo kinachofungwa pamoja na shule hakimsaidii kitu Desemba. Vibaki wazi walau siku mbili kwa wiki, viwe na umeme na intaneti, ili mwalimu asitumie bando la watoto wake kupakua taarifa za mitihani. Wakuu wa shule wanaweza kuanza na lisilohitaji bajeti: kabla ya kufunga shule, ufunguo wa maabara na wa maktaba uachwe kwa mtu anayeishi jirani, na walimu wote waambiwe ni nani.