Kesi ya ploti ya Ruiru ikitupwa

Wako ndugu zetu wa Pwani walionunua ploti kule Ruiru, na baada ya miaka wakakuta mtu mwingine kajenga. Wakienda kortini, kinachowavunja moyo mara nyingi si ushahidi, ni utaratibu.

Kwanza, mahali. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinataka kesi ya ardhi ifunguliwe ardhi iliko. Kwa hivyo usiipeleke Mombasa. Ipeleke Thika, penye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu ikiwa thamani haipiti kiwango chake. Cha hakimu mkuu ni shilingi milioni 20. Korti isiyo na mamlaka haina la kufanya ila kuacha. Mahakama ya Rufaa ililisema hilo mwaka 1989 katika kesi ya meli Lillian S, na mawakili wanaitaja mpaka leo.

Kisha uliza kesi imeangukaje. Ikiondolewa kwa kasoro ya karatasi, haki yako haijaamuliwa: waweza kufungua upya, bora miaka 12 ya kudai ardhi haijapita. Lakini ikitupwa kwa sababu hukutokea siku ya kusikizwa, usifungue nyingine. Unarudi korti ile ile kuomba amri iondolewe, na hati ya kiapo inayoeleza kilichokuzuia. Nenda wiki hiyo hiyo. Aliyekuja upesi na karatasi ya hospitali husikizwa kuliko aliyelala miezi minane kisha akamlaumu wakili.

Ombi la zuio likikataliwa, watu hulia wakidhani wameshindwa. Sivyo, kesi yenyewe bado ipo. Omba tarehe ya karibu ya kusikizwa, na weka kosheni kwenye ofisi ya ardhi ili ploti isiuzwe. Hata aliyepewa zuio asibweteke: kesi isipoamuliwa kwa miezi 12, zuio hukoma, isipokuwa korti iseme vingine.

Faili nayo ikikaa mwaka mzima bila hatua yoyote, korti inaweza kukuita ueleze kwa nini isitupwe. Rufaa kutoka kwa hakimu ni siku 30.

Wengine huegemea Ibara ya 159 ya Katiba, kwamba haki isizuiwe na ufundi wa taratibu. Inasaidia, ila haiipi korti mamlaka isiyokuwa nayo. Andika mwenyewe nambari ya kesi na tarehe inayofuata. Usingoje kupigiwa simu na wakili.