Mfuko chini ya kitanda: Namna ya kumsaidia aliyetoka katika kikundi kilichomfunga

 

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tutazungumzia jambo lisilotajwa sana katika mimbari zetu, ingawa limekwisha kuingia katika nyumba za Waislamu. Ni habari ya mtu aliyekuwa katika kikundi cha dini kilichomtawala kwa vitisho, akatoka, kisha akaja kukaa nasi. Huenda ni dada yetu, mke wa ndugu yetu au jirani. Yeye ametoka, lakini vitu vya kikundi kile amekuja navyo. Je, vitu hivyo vifanywe nini? Na yeye mwenyewe tumtendeeje?

Familia moja inayoishi nje kidogo ya mji wa Malindi imeturuhusu tusimulie yaliyowafika, kwa sharti kwamba tusitaje majina yao.

Jioni moja, miaka michache iliyopita, mwanamke alibisha hodi kwa kaka yake akiwa na mtoto mgongoni na mfuko mkononi. Wazazi wao walikuwa Wakristo wa kawaida, wenye kwenda kanisani Jumapili na kuishi na majirani zao kwa wema. Kaka alisilimu ujanani. Dada naye alikuwa amemfuata mumewe katika kikundi cha mhubiri mmoja aliyewakataza wafuasi wake shule, hospitali na hata kusemezana na jamaa walio nje ya kikundi. Mtoto aliposhikwa na homa kali siku tatu mfululizo, mhubiri alisema kwamba kutafuta dawa ni ukosefu wa imani. Usiku wa nne, mama alimbeba mwanawe akatoroka naye hadi hospitali. Mtoto akapona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na mama hakurudi tena alikotoka.

Katika mfuko ule mlikuwa na vitu ambavyo kila mfuasi aliamrishwa asitembee bila ya kuwa navyo: chupa ya mafuta yaliyoombewa, kitambaa chekundu na picha ya mhubiri. Mlikuwa pia na kanzu nyeupe ya ibada, daftari, na Biblia kuukuu aliyoachiwa na marehemu mama yake, ambayo aliificha kwa sababu mhubiri hakutaka isomwe ila kwa maelezo yake. Mkononi alivaa bangili ya mpira iliyombana. Aliambiwa kwamba atakayeivua, msiba utamwangukia mwanawe.

Alikaa kwa kaka yake zaidi ya mwaka mmoja bila ya kushurutishwa jambo lolote. Kisha, kwa hiari yake, akatamka shahada mbili. Kaka alifurahi mno. Alasiri ile ile akaja na kibiriti mkononi, akasema: "Dada, leo ndiyo siku. Ulete ule mfuko tuuchome, uwe huru."

Mwanamke yule akaanza kutetemeka. Alipopata kauli alisema: "Kaka, hata wao walianza hivi hivi. Siku ya kwanza waliniambia nilete picha za harusi yangu, cheti changu cha shule na kadi ya kliniki ya mtoto, nivichome mbele yao. Waliniambia ni vitu vya dunia, na nikivichoma nitakuwa huru."

Kaka akanyamaza, kibiriti akakirudisha mfukoni. Wifi yake ndiye aliyesema neno la hekima siku ile: "Mume wangu, dini hii ameingia kwa ulimi wake mwenyewe. Mfuko nao atautoa kwa mkono wake mwenyewe." Mfuko ukarudi chini ya kitanda.

Kisa cha Adiy bin Hatim

Wapo watakaosema kwamba wifi yule alilegea katika jambo la tauhidi. Basi na tutazame mwenendo wa Mtume (SAW).

Adiy bin Hatim (RA) alikuwa kiongozi wa kabila la Tayy, naye alikuwa Mkristo kabla ya kusilimu. Wasimulizi wa sira wanaeleza kwamba alipofika Madina, Mtume (SAW) alimchukua hadi nyumbani kwake, akampa takia la ngozi alikalie, naye mwenyewe akakaa chini. Katika riwaya nyingine, iliyopokewa na Imamu Tirmidhi, Adiy anasimulia kwamba alimwendea Mtume (SAW) akiwa na msalaba wa dhahabu shingoni, na Mtume (SAW) akamwamrisha autupe.

Katika riwaya hii yamo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, Mtume (SAW) hakunyoosha mkono kuunyakua ule msalaba. Alimwambia mwenyewe auondoe. La pili, mazungumzo hayakukomea kwenye kitu kilichovaliwa. Riwaya inaendelea kwamba Mtume (SAW) aliisoma Aya ya 31 ya Sura At-Tawba, inayowataja waliowafanya wanazuoni na watawa wao kuwa miungu badala ya Mwenyezi Mungu. Tafsiri yake ikabainishwa kwamba watu wale hawakuwasujudia viongozi wao, bali walikubali kila walichohalalishiwa na kila walichoharimishiwa nao.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye kiini cha maradhi. Msalaba shingoni ulikuwa jambo dogo kuliko minyororo ya moyoni. Mtu anaweza kuvuliwa bangili leo na kesho akabaki mtumwa wa binadamu yule yule, au akapata bwana mwingine mwenye kilemba. Tukimwondoa mtu katika amri za mhubiri kisha tukampigia kelele za amri zetu, tutakuwa tumembadilishia msimamizi wa gereza tu. Mwenyezi Mungu amekwisha kutubainishia katika Sura Al-Baqara, Aya ya 256, kwamba hakuna kulazimishana katika dini.

Hofu si mzaha

Wasio na mkasa huu huuliza kwa dharau: "Mtu mzima aogope bangili ya mpira?" Wenye kuuliza hivyo hawajui nguvu ya hofu iliyopandwa kila siku kwa miaka. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kikundi kimoja cha dini waliteketea katika jengo lao la ibada. Na katika kaunti hii yetu ya Kilifi, mnamo Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, na miili iliyopatikana ikapindukia 400. Wengi walikuwa wamefunga kula hadi kufa, kwa kuamini kwamba ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa alikana mashtaka. Kikundi alichotoka dada yetu si hicho, lakini mizizi ya hofu ni ile ile. Na tuseme kwa uadilifu kwamba viongozi wa makanisa nao waliyalaani yale ya Shakahola. Wala si haki kumbebesha kila Mkristo dhambi ya waliopotoka.

Hofu ya dada huyu iliondokaje? Haikuondoka kwa hotuba. Wifi yake alipomfundisha kutawadha, alimweleza kwamba maji sharti yafike kwenye ngozi yote ya kiungo kinachooshwa, na kwamba pete au bangili inayobana ni lazima isogezwe ili maji yapite. Basi akawa anaisogeza mara tano kila siku. Mara ya kwanza aliisogeza huku akimwangalia mwanawe. Mtoto hakudhurika. Siku zikapita, miezi ikapita, na kila siku bangili ilisogea juu na chini na mtoto akaendelea kukua, akaanza kwenda shule na chuoni. Alfajiri moja alipokuwa akitawadha aliivua akaiweka ukingoni mwa ndoo, akaswali, na baada ya swala hakuirudisha.

Imamu Ahmad amepokea kutoka kwa Uqba bin Amir (RA) kwamba watu kumi walikwenda kwa Mtume (SAW) kumpa baia. Akapokea ya tisa, akamzuilia mmoja kwa kuwa alikuwa amevaa hirizi. Mtu yule akaingiza mkono wake, akaikata, na Mtume (SAW) akaipokea baia yake. Alfajiri ile kwenye ndoo ya maji, dada yetu alifanya lile lile.

Si kila kitu ni cha kutupwa

Baada ya hapo aliutoa mfuko mwenyewe. Alikwenda na wifi yake kwa ustadhi wa mtaani, mtu mpole, naye akawasaidia kuvipambanua vitu vile kimoja kimoja.

Vitu vilivyodaiwa kuwa na nguvu za kukinga na kudhuru, yaani mafuta, kitambaa, picha ya mhubiri na bangili, aliambiwa aviondoe. Hakutakiwa kufanya sherehe wala kisomo maalumu, maana kukifanyia kitu tambiko la kukitupa ni kuendelea kukiheshimu. Mafuta aliyamwaga, picha akaichana, vilivyobaki akavitia pamoja na taka za nyumbani. Sayyidna Umar (RA) alisema hata juu ya Jiwe Jeusi kwamba analijua kuwa ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba hulibusu kwa sababu tu alimwona Mtume (SAW) akilibusu. Ikiwa hilo ndilo neno juu ya jiwe tukufu, chupa ya mafuta itakuwa nini?

Kanzu nyeupe ilikuwa kitambaa kizuri, naye alitaka kuitupa kwa uchungu. Ustadhi akamkumbusha kisa cha Bibi Aisha (RA), aliyetundika pazia lenye picha, Mtume (SAW) akalichukia, naye akalikata akalifanya mito ya kuegemea. Akamkumbusha pia Abu Thaalaba (RA), aliyeuliza juu ya vyombo vya Ahlul Kitabi, akajibiwa kwamba wasipopata vingine wavioshe na wavitumie. Leo kanzu ile imekuwa foronya mbili, na mtoto hulalia moja.

Biblia ya marehemu mama ndiyo iliyokuwa nzito kuliko vyote. Kaka alinyamaza, kwa kuwa alikuwa mama yake pia. Ustadhi hakuwaambia waitupe wala waichome. Aliwauliza kama wanaye ndugu aliye katika dini ya wazazi wao, wakasema yuko mama mdogo. Basi wakampelekea kwa heshima, na mama mdogo akalia kwa furaha, kwa kuwa kwa miaka mingi hakuwa amemwona mtoto huyu wa dada yake. Hivyo undugu uliokatwa na kikundi ukaungwa siku ile. Na Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura Al-An'am, Aya ya 108, kuvitukana wanavyoviomba wengine wasije nao wakamtukana Yeye kwa ujinga.

Salman al-Farisi (RA), alipokuwa akisimulia safari yake ya kuutafuta ukweli, alimtaja kiongozi wa kanisa aliyewahimiza watu watoe sadaka kisha akajilimbikizia mwenyewe. Vile vile alimtaja mwingine aliyekuja baada ya huyo, mchaji na mwenye ibada, ambaye Salman alimpenda mno. Uislamu haukumfanya amkane mwema kwa ajili ya mwovu.

Likabaki daftari. Ndani yake mlikuwa na fedha zote alizomtolea mhubiri, shamba lililouzwa, na mwishoni siku za homa ya mtoto: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chini yake ukurasa ni mweupe, kwa sababu siku ya nne alikuwa njiani kwenda hospitali. Daftari hilo ustadhi alimshauri alitunze, na shauri hili tunawapa wengine wenye mkasa kama wake. Stakabadhi, hati za mauzo na maandishi ya aina hiyo si mabaki ya ibada. Ni ushahidi, na huenda siku moja ukahitajika mbele ya kadhi, chifu au mahakama.

Tusimpe hirizi nyingine

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Dada alipovua bangili, jirani mmoja mwenye nia njema alimletea hirizi ya ngozi amvalishe mtoto "mahali pa ile ya zamani". Wifi alimshukuru, akaikataa kwa upole. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya kuvaa kilichoandikwa Aya za Qur'ani, lakini hawakukhitilafiana kwamba kinga ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Aliyetoka katika utumwa wa bangili hapaswi kupewa bangili yenye maandishi ya Kiarabu. Dada alifundishwa nyiradi za asubuhi na jioni, naye humsomea mwanawe kabla ya kulala.

Enyi wazazi na ndugu, mkijaliwa kumpokea mtu wa namna hii, mpeni kwanza takia la kukalia kama alivyopewa Adiy. Msimcheke wala msimpekue mfuko. Mfundisheni ibada taratibu, mpelekeni kwa mwanachuoni mpole, na akiwa na ndoto za kutisha au huzuni isiyokoma, mpelekeni hospitali bila ya kuona haya. Wala msimwambie kwamba miaka yake yote imepotea bure. Hakim bin Hizam (RA) aliuliza juu ya sadaka alizotoa na undugu aliouunga kabla ya Uislamu, na Mtume (SAW) akamjulisha kwamba amesilimu pamoja na kheri alizotanguliza.

Mfuko wenyewe haukutupwa. Umeoshwa, umeanikwa juani, na sasa mtoto hutilia msahafu wake na daftari anapokwenda chuoni.

Ewe Mola wetu, wafungulie waliofungwa kwa hofu, zilainishe nyoyo zetu kwa wanaotukimbilia, na utufanye watumwa wako Wewe peke yako. Amin. Wabillahi tawfiq.