Bunduki Kongwe na Bunduki Mpya

Wanapokutana wawindaji wenye umri mkubwa, mazungumzo hayakawii kufika kwenye bunduki, na yakifika huko hukumu huwa ni moja: za zamani ndizo zilizokuwa bunduki, za siku hizi ni makopo. Vijana nao hujibu kwamba wazee hupenda kila kilichokuwapo siku zile macho yao yalipokuwa mazuri. Safu hii yaona kwamba kila upande una haki yake kidogo, na kwamba jambo lenyewe lastahili kupimwa kwa utulivu. Maana mtu anayeingia kichakani kumfuata nyati aliyejeruhiwa haendi na hoja za barazani. Aenda na chuma alichokishika mkononi. Kwa Kenya, ambako uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka 1977, mjadala huu umebaki wa kumbukumbu. Lakini Tanzania, iliyoufunga mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978, bado ni mjadala wa kazi.

Twazungumzia bunduki za risasi ambazo mwindaji huzikoki kwa mkono, kwa kuinua bolti, kuivuta nyuma na kuisukuma mbele tena. Mama wa nyingi kati ya hizo ni ile aliyoikamilisha Mjerumani Paul Mauser, ambayo jeshi la Ujerumani liliipokea mwaka 1898. Ubora wake mkubwa umo katika kitu kidogo: ukucha mrefu wa feleji uliolala ubavuni mwa bolti. Risasi inapopanda kutoka magazini, kitako chake huteleza chini ya ukucha huo kikashikwa, na hakiachwi mpaka ganda litupwe nje. Hata mwindaji akishikwa na hofu, akairudisha bolti kabla ya kuifikisha mwisho, ile risasi hurudi pamoja nayo ikatupwa, na njia ya risasi inayofuata ikawa wazi.

Katika aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika bunduki za bei nafuu, bolti huisukuma risasi mbele yake bila kuishika, na huikamata pale tu inapofungwa kabisa. Akiivuta kabla ya hapo, risasi ya kwanza hubaki ndani ya chemba, ya pili huja kuigonga kisogoni, na bunduki huziba. Mbele ya swala hiyo ni aibu tu. Swala atakimbia na wenzako watakucheka. Mbele ya nyati aliyekwisha kuinamisha pembe hakuna nafasi ya kuchokoa risasi kwa kidole.

Mskochi Walter Bell, aliyewinda Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7 iliyotoka katika bunduki ya Mauser iliyouzwa na Rigby wa London. Idadi hiyo haitufurahishi leo, wala hatuitaji kwa kumsifu. Twaitaja kwa sababu yaonyesha kwamba bunduki iliyomweka hai miaka yote hiyo haikuwa kubwa. Ilikuwa ile isiyomgomea. Rigby hao hao, mwaka 1911, walitoa risasi yao nzito ya .416 kwa bunduki ya Mauser iliyorefushwa, na risasi hiyo ingali yawindiwa katika nchi zetu.

Marekani nako, kampuni ya Winchester ilitoa mwaka 1936 bunduki iliyoitwa Model 70. Ilikuwa na ukucha kama wa Mauser, kifyatulio chepesi kueleweka na kisafi kuvutwa, na kazi nyingi ya mkono wa fundi. Mwaka 1956 ilitolewa nyingine ya aina hiyo, kwa risasi ya .458, ikapewa jina la African, yaani ya Kiafrika, kwa kuwa ilikusudiwa ndovu na nyati wa huku. Basi gharama za mafundi zikapanda, na mshindani wao, Remington, mwaka 1962 akatoa Model 700, bunduki iliyokuwa rahisi kuundwa kwa mashine. Winchester wakakata shauri. Mwaka 1964 waliondoa ukucha, wakaacha kuchonga nakshi za kushikia na badala yake wakazigandamiza kwenye mbao kwa mashine, na baina ya mtutu na ubao wake wakaacha mwanya ambao mnunuzi aliuona hata kabla ya kulipa.

Wawindaji walikasirika, na hasira hiyo haijapoa. Mpaka leo bunduki ya “kabla ya sitini na nne” huulizwa kwa jina hilo na huuzwa kwa bei ya juu, na Winchester wenyewe, katika miaka ya 1990, waliurudisha ukucha waliouondoa. Hapana ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba wazee hawakuwa wakipiga kelele za bure.

Walakini hapa ndipo wazee hao huacha kusema. Si kila iliyotengenezwa kabla ya 1964 ilikuwa bora, na hata iliyo bora ilikuwa na kasoro yake: mdomo wa chemba ya Model 70 uliachwa wazi kuliko ilivyofaa, hivi kwamba ganda likipasuka gesi haizuiliwi vizuri kama katika Mauser. Tena bunduki kongwe tunazoziona leo ni zile zilizosalia. Zilizopasuka, zilizoliwa na kutu na zilizovunjika matako hazipo madukani kutoa ushahidi.

Chukua mfano wa bunduki ya jeshi la Marekani iliyoitwa Springfield, ya mwaka 1903. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909 alikuwa nayo moja iliyorekebishwa kwa uwindaji. Kiwandani, feleji ya mwili wa bunduki hizo ilikuwa ikipashwa moto, na fundi mzoefu alikadiria joto kwa kuangalia rangi ya chuma kwa macho. Siku ya mawingu rangi ile huonekana kali. Siku ya jua kali huonekana hafifu, na fundi huongeza moto akidhani haujatosha. Vyuma vingine viliungua, vikawa vigumu lakini vyepesi kuvunjika kama kigae. Zilipoanza kupasuka mwaka 1917, mabosi walichunguza wakaona kumbe jicho la fundi si kipimo, na mwaka 1918 wakabadili utaratibu. Bunduki za kiwanda hicho zenye namba iliyo chini ya 800,000 zinashukiwa mpaka leo, wala hakuna njia rahisi ya kuijua iliyoungua kwa kuitazama tu. Huo nao ulikuwa ufundi wa mkono wa zamani.

Kuna pia jambo la fataki. Fataki za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Mwenye bunduki aliyekaa pwani asipomimina maji ya moto mtutuni jioni ile ile, aliamka na kutu. Kadhalika mbao nzuri za mti wa jozi, ambazo wazee huzisifu kwa haki, hunyonya maji masika zikajikunja, na zikiusukuma mtutu shabaha huhama bila mwenyewe kujua. Plastiki ya siku hizi haina uzuri wowote, lakini haijui masika wala kiangazi.

Na kwa shabaha, tuseme ukweli, mpya imeshinda. Mwaka 2003 Wafini wa kiwanda cha Sako walitoa Tikka T3, ambayo mtutu wake hufuliwa kwa nyundo za mashine, chuma kikiwa baridi. Waliahidi kwamba risasi 3 zitaingia katika duara la kama sentimita 3 kwa umbali wa mita 100. Zamani mtu alimlipa fundi fedha nyingi kupata hivyo. Wamarekani nao, Ruger, mwaka 2012 walileta bunduki iliyoanza kuuzwa chini ya dola 500 ambayo hupiga vizuri kuliko kongwe nyingi za fahari. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hazichoki alasiri wala hazikadirii rangi ya moto. Kilichopungua ni kile kisichoonekana kwenye shabaha: magazini ya plastiki, bolti isiyoteleza kwa raha, na aghalabu ukucha haupo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba uzembe ulianza na plastiki. Kifyatulio kilichotumika katika Model 700 kilianza katika bunduki za Remington za mwaka 1948. Kwa miaka mingi kililalamikiwa kwamba huweza kufyatua risasi bila kuguswa, na kampuni ikakanusha. Mwaka 2010 televisheni ya CNBC ilieleza kwamba mbuni wake mwenyewe, Mike Walker, alikuwa amependekeza marekebisho mapema, kwa gharama ya senti 5 na nusu kwa kila bunduki, na hayakufanywa. Kampuni ilibuni kifyatulio kipya. Mwaka 2014 hicho nacho kikarudishwa kiwandani kwa hatari ile ile. Mapatano ya kesi yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2018 yalihusu bunduki karibu milioni 7 na nusu. Hapo basi kongwe na mpya zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Kwa maoni yetu, anayewinda swala na pofu katika mbuga za wazi, au anayelinda shamba dhidi ya nguruwe, hana sababu ya kulipia jina la mwaka 1964. Anunue mpya, abaki na fedha za risasi za kujifunzia. Anayefuata nyati vichakani akiwa na .375 au zaidi atafute ukucha, uwe mkongwe au mpya, maana wapo waundaji wanaouweka mpaka leo.

Na kongwe ikinunuliwa, itazamwe ndani ya mtutu kwa mwanga kabla ya kutazamwa nje. Kisha ithibitishwe kuwa chemba na magazini ni tupu, mtutu uelekezwe mahali salama, bunduki ikokiwe, loki ya usalama ifungwe, kifyatulio kivutwe na kuachiwa. Ndipo loki ifunguliwe bila kugusa kifyatulio. Pini ikianguka yenyewe, bunduki hiyo isitiwe risasi wala isitoke nyumbani mpaka fundi aifungue.