Kukodi kinga Nyangwe: mupatane mbele ya kuondoka

Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwenye hana kinga yake anaweza kukodi ya mwenzake apeleke muchele ao bidoni za mawese Kasongo. Kama malipo ni ya siku, mvua ikikulaza njiani, siku ile nayo inahesabiwa. Ugomvi unakuja kinga ikivunjika: nani atalipa?

Kwa hiyo, muangalie pamoja freni, cheni na pine. Freni kwanza: kinga yenye kubeba kilo 100, kwenye mtelemko wa vilima vya Kabambare, miguu haiwezi kuisimamisha.

Kisha museme mbele ya shahidi: chenye kilikuwa kimechakaa ni deni la mwenye kinga, chenye mzigo umevunja ni deni la mwenye kukodi.