Jagiellonia: Venye Timu Iliyoponea Kushuka Ilikuja Kubeba Ligi ya Poland

Kama huwa unajaza mkeka Ijumaa jioni, ligi ya Poland unaijua hata kama hujawahi kuiona kwa TV. Ekstraklasa. Unaona Legia Warszawa ako nyumbani na kamtu ka huko chini, unaweka ushindi bila kufikiria, halafu mkeka unachanika. Si bahati mbaya, msee. Hii ligi ndio iko hivo, na msimu wa 2023/24 utakuonyesha vizuri kuliko yote.

Anza na msimu uliotangulia. Ligi iko na timu 18, kila timu inacheza mechi 34, na tatu za mwisho zinashuka. Mwaka wa 2023 Jagiellonia Białystok walimaliza nambari 14. Śląsk Wrocław wakamaliza 15, yaani walipona na kucha. Aprili ya huo mwaka timu zote mbili zilikuwa zimebadilisha kocha kwa presha. Śląsk wakamrudisha Jacek Magiera, mzee ambaye 2017 alikuwa amebeba taji na Legia. Jaga wao wakampandisha Adrian Siemieniec, kijana wa miaka 31 aliyekuwa anafunza timu yao ya pili.

Sasa shika hapa: mwaka mmoja baadaye hizo timu mbili ndizo zilikuwa zinapigania taji. Manze!

Vigogo walikuwa wapi? Raków Częstochowa, waliokuwa mabingwa, walikuwa wameachwa na kocha wao Marek Papszun, na Alhamisi walikuwa wanacheza Europa League. Wakamaliza nambari 7. Legia nao walikuwa Conference League, hata waliwanyorosha Aston Villa 3-2 pale Warszawa, lakini kwa ligi walikuwa wanachechemea, na Aprili kocha Kosta Runjaić akaonyeshwa mlango. Lech Poznań walifuta kocha wao Desemba. Kucheza Ulaya katikati ya wiki kunataka kikosi kikubwa, na klabu za Poland zikipata staa mkali kawaida zinamuuza nje.

Śląsk walienda mapumziko ya baridi wakiongoza. (Huko Desemba ni theluji, ligi ilifungwa hadi Februari.) Straika wao Mhispania, Erik Expósito, ndiye alimaliza mfungaji bora na mabao 19. Shida ni kwamba nyuma yake hakukuwa na mtu, na waliporudi Februari mabao yakakauka. Jaga walikuwa tofauti kabisa: Jesús Imaz, Afimico Pululu, Dominik Marczuk, kila mtu anafunga. Walipita mabao 70. Nyuma walikuwa wanavuja, lakini nani alikuwa anajali?

Siku ya mwisho, 25 Mei 2024, wote wawili wako na pointi 60. Na hapa ndio watu wengi huchanganyikiwa. Uingereza mkitoshana pointi wanaangalia tofauti ya mabao. Poland wanaangalia kwanza mechi mlizocheza nyinyi wawili, na kwa hiyo hesabu Jaga walikuwa mbele. Kazi yao ilikuwa moja tu: kushinda. Śląsk ilibidi washinde halafu waombe mwenzao ateleze.

Śląsk walifanya yao, wakawapiga Raków 2-1 ugenini. Lakini Białystok ilikuwa sherehe. Jaga waliwachapa Warta Poznań 3-0, na Warta, waliokuwa wanatafuta pointi ya kujiokoa, wakashuka daraja hapo hapo. Pointi 63 kwa 63. Taji la kwanza la Jaga tangu klabu ianze 1920, na walikuwa wamemaliza wa pili 2017 na tena 2018. Hiyo kidonda ilikuwa imekaa.

Ukihesabu kutoka 2019, Piast Gliwice, Raków na Jaga wote walibeba kwa mara ya kwanza ndani ya misimu sita. Ndio maana mimi siwezi weka Legia kwa mkeka nikiwa na fare ya kesho mfukoni.

Jaga waliendelea hadi robo fainali ya Conference League, wakatolewa na Real Betis. Na Śląsk? Expósito alienda Qatar, Magiera akafutwa kabla mwaka uishe, na Mei 2025 ile timu iliyokosa taji kwa hesabu ya mechi mbili ikashuka daraja.