Neno na Wajibu: Juu ya Kutoelewana kwa Marubani na Waratibu wa Safari za Ndege

Katika kazi ya kuunda istilahi tumezoea kuuliza maswali mawili: neno hili lina maana gani, na je, limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha? Makala haya yanakusudia kuongeza swali la tatu, ambalo aghalabu huachwa nje ya majedwali yetu: alisikiaye neno hili anawajibika kufanya nini? Tutalichunguza swali hilo kwa kutazama mazungumzo ya watu ambao kazi yao haivumilii utata, yaani marubani na wale wanaowaratibia safari kutoka ardhini.

Yafaa kwanza tumtambulishe mhusika asiyejulikana sana. Msafiri wa kawaida humjua rubani, na huenda akawa na habari za mwongoza ndege aketiye mnarani. Mratibu wa safari hamjui. Huyu hufanya kazi kwa niaba ya shirika la ndege. Hupanga njia, hukadiria mafuta, husoma taarifa za hali ya hewa, huchagua uwanja wa badala iwapo ule uliokusudiwa hautafaa, kisha huifuatilia ndege mpaka itue. Mwongoza ndege ana ndege za mashirika yote mbele yake, na kazi yake kubwa ni kuzitenganisha zisigongane. Mratibu ana ndege za shirika lake tu. Kwa safari za ratiba za mashirika makubwa, sheria ya Marekani humfanya mratibu kuwa mshirika wa rubani mkuu: wawili hao huwajibika pamoja kwa matayarisho ya safari na kwa kuiruhusu ndege iondoke, na mmoja wao akiona kwamba safari haiwezi kukamilishwa kwa usalama, ndege hairuhusiwi kuendelea kuelekea huko. Kwa hiyo mazungumzo yao si kupashana habari tu. Ni mazungumzo ya watu wawili walioshika hatamu moja.

Tuchukue tukio la tarehe 25 Januari 1990. Ndege ya shirika la Avianca, aina ya Boeing 707, ilitoka Bogotá kupitia Medellín kwenda New York ikiwa na watu 158. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na ndege ikaamriwa kuzunguka angani ikingoja zamu, mara tatu, kwa muda uliofikia saa moja na dakika 17 kwa jumla. Mafuta yakawa yanakwisha. Katika duru ya tatu rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumza kwa Kiingereza kwenye redio, alisema kwamba anadhani wanahitaji kipaumbele. Alipoulizwa wanaweza kungoja kwa muda gani, alijibu kama dakika tano. Kisha akaeleza kwamba uwanja wao wa badala ulikuwa Boston, na kwamba sasa wasingeweza kuufikia. Mwongoza ndege aliyekuwa akimpokezea mwenzake habari hakuisikia sehemu hiyo ya mwisho. Habari iliyofika kwenye kituo kilichofuata ikawa kwamba ndege inaweza kungoja dakika tano tu. La Boston likapotea njiani.

Jaribio la kwanza la kutua lilishindikana. Rubani mkuu akamwagiza msaidizi wake, kwa Kihispania, awaambie kwamba wako katika dharura. Msaidizi akawaambia kwa Kiingereza kwamba mafuta yanawaishia, lakini neno la dharura hakulitamka. Na rubani mkuu alipomwuliza kama amewaambia, alijibu kwamba ameshawaambia. Baadaye mwongoza ndege alimweleza kuwa atawapeleka mbali kidogo kabla ya kuwageuza tena, akauliza kama hilo litawafaa wao na mafuta yao. Rubani msaidizi akajibu kwamba anadhani litafaa, akashukuru sana. Muda mfupi baadaye injini zilizimika, ndege ikaanguka Cove Neck katika Long Island. Watu 73 walikufa.

Mtu anaweza kusema kwa haraka kwamba huyu hakujua Kiingereza. Maelezo hayo hayatoshi. Sentensi zake zilikuwa sahihi na kila mtu alizielewa kwa maana ya kamusi. Hapa ndipo fikra ya J. L. Austin inapotufaa, ile iliyochapishwa mwaka 1962, kwamba kusema ni kutenda. Kauli ya kuwa mafuta yanaisha inaweza kuwa taarifa, ombi, lalamiko au tangazo la hatari. Kinywani mwa rubani ilikuwa ombi la kuokolewa. Masikioni mwa mwongoza ndege, ambaye usiku huo alikuwa na ndege nyingi zilizongoja muda mrefu, ilikuwa taarifa. Rubani mkuu naye aliamini kwamba tendo limekwisha kutendeka, kumbe kilichotendeka ni usemi tu.

Bodi ya Marekani ya Usalama wa Usafiri iliwalaumu marubani kwa kutosimamia mafuta yao na kwa kutoitangaza hali yao. Lakini ilitaja pia sababu zilizochangia, na mbili zinatuhusu hasa. Marubani hawakuutumia mfumo wa waratibu uwasaidie katika safari hiyo. Pia hapakuwa na istilahi sanifu na zinazoeleweka kwa marubani na waongoza ndege za kutofautisha mafuta machache na mafuta ya hatari. Mratibu angeweza kuwa msikilizaji wa pili, asiye na foleni ya ndege za watu wengine, ambaye kwake habari ya Boston isingekuwa neno la ziada. Hakuitwa.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kuitwa kwa mratibu kunatosha. Tarehe 31 Januari 2000 ndege ya Alaska Airlines, aina ya MD-83, iliyokuwa ikitoka Puerto Vallarta kwenda San Francisco, ilipata hitilafu katika bawa dogo la mkiani. Marubani walizungumza na mratibu wao. Wote walikuwa wazawa wa Kiingereza hichohicho. Rubani mkuu alitaka kutua Los Angeles. Mratibu alikubali kwamba ikiwa ni kwa ajili ya usalama watafanya hivyo, kisha akaongeza habari za ucheleweshaji utakaofuata iwapo watatua huko. Hakuna amri katika maneno hayo. Lakini taarifa ikitanguliwa na ruhusa yenye sharti hugeuka kuwa shinikizo, na rubani mkuu aliipokea hivyo, akanung'unika mbele ya wenzake. Alishikilia uamuzi wake wa Los Angeles, ila ndege haikufika; ilianguka baharini na watu wote 88 wakafa. Sababu ya ajali ilikuwa skrubu ya mkiani ambayo haikutiwa grisi ya kutosha, wala si mazungumzo. Sisemi kwamba mratibu aliwaua. Nasema kwamba, katika dakika ambazo rubani alihitaji mshirika, lugha ilimpa mtu wa kubishana naye.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilirekebisha kasoro ya mafuta mwaka 2012, na njia lililoitumia yastahili kutazamwa na wanaisimu. Maneno mawili yaliwekewa wajibu. La kwanza, lenye maana ya mafuta ya kiwango cha chini, humwambia msikilizaji kwamba ucheleweshaji wowote zaidi huenda ukawa hatari, lakini bado si dharura. La pili ni Mayday, likitamkwa mara tatu na kufuatiwa na neno la mafuta. Hilo ni dharura bila mjadala. Mayday lilibuniwa miaka ya 1920 huko Croydon, Uingereza, kutokana na maneno ya Kifaransa ya kuomba msaada. Nguvu yake hutokana na ugeni wake. Hakuna alitumiaye kuombea chumvi.

Sasa tutazame Kiswahili. Wengi wetu tungelitafsiri lile la dharura kwa neno dharura, na kamusi zingetuunga mkono. Lakini neno hilo tumelichakaza. Mwanafunzi aliyekosa mtihani alipata dharura. Kamati iliyosahau ajenda huitisha kikao cha dharura. Hatari zaidi ni neno akiba, ambalo ndilo tafsiri ya kwanza impatayo mtu kwa mafuta yale ya mwisho yasiyotakiwa kuguswa. Akiba kwetu ni sifa njema, ni dalili ya mtu aliyejipanga. Rubani akisema, "Tumebakiwa na akiba," msikilizaji Mswahili atatulia. Kisha kuna adabu yetu ya kuomba kwa kutaarifu: mgeni asemapo kwamba maji yamekwisha mtungini, mwenyeji mwungwana huinuka. Adabu hiyo hufaa barazani kwa kuwa mwenyeji anauona mtungi. Redioni hauonekani.

Kwa mintarafu hiyo napendekeza kwamba majedwali ya istilahi za ufundi tunayoyaandaa katika idara zetu, ambayo kwa desturi huwa na safu ya neno la kigeni, safu ya Kiswahili na pengine ya ufafanuzi, yaongezewe safu ya nne: nani humwambia nani, na aambiwaye afanye nini. Katika safu hiyo, akiba itashindwa mara moja. Dharura itabidi ifungamanishwe na tamko jingine lisilotumika barazani, au iachiwe Mayday kama ilivyo. Na lile la kati, la mafuta ya kiwango cha chini, bado linangoja jina. Mafuta haba hayatoshi, kwa kuwa haba haimwambii mratibu kwamba muda wa kungoja umekwisha.